Samaki watano wa Bwana Pita na moto wa arobaini: kilichotokea chumbani kwangu Tororo

Wakuu, salamu kwenu nyote, na nyinyi mnaosoma bila kujisajili pia nawasalimu.

Mimi ni mzee. Sisemi hivyo ili mnipishe kiti, nasema ili mkiona herufi zimekosewa mjue ni vidole, si akili. Mjukuu wangu aliniachia simu yake ya zamani na tangu hapo nasoma nyuzi zenu kimya kimya.

Juzi nikakuta kijana anauliza mbona samaki wake wa maji ya chumvi, aliowaweka sebuleni, wanakuja juu kuhema wakati pampu inafanya kazi na mapovu yapo tele. Mkamjibu. Ongeza pampu. Safisha chujio. Pima chumvi. Mmoja wenu akamwambia awakaange tu yaishe.

Hakuna aliyemuuliza pampu yake inavuta hewa kutoka wapi.

Nikaiweka simu chini. Swali hilo nililijibu mimi mwenyewe zamani sana, Tororo, Uganda, miaka ya mwisho ya mkoloni, na sijawahi kumsimulia mtu. Waliohusika wamekwisha kutangulia, nimebaki mimi na mwanangu ambaye hasomi humu. Nitasema yote kama yalivyokuwa. Atakayesema ni chai, anywe taratibu, ni ya moto.

Nilikuwa fundi baiskeli. Baba alikuwa Mnubi, dereva wa lori, alifariki nikiwa mdogo. Mama alikuwa Msamia wa Lunyo, upande wa Busia, alisilimu alipoolewa. Na mnajua waliosilimu kwa ndoa, wengine wanashika mila za ukweni kuliko waliozaliwa nazo. Mama yangu ndiye huyo.

Mke wangu Zaituni alikuwa wa ng'ambo, Mumias, Kenya. Mpole, lakini akikutazama unakumbuka makosa yako yote.

Tuliishi nyumba ya vyumba viwili kwenye mtaa wa Waislamu. Chumba cha mbele kilijaa baiskeli za watu. Cha ndani tulilala, kilikuwa na dirisha moja dogo la mbao. Umeme haukuwepo kwetu, ulikuwa kwa Wazungu na Wahindi wenye maduka.

Sasa samaki.

Palikuwa na Mzungu mmoja mpima ardhi, sisi tulimwita Bwana Pita. Sebuleni kwake aliweka sanduku la kioo lenye maji ya bahari. Maji yaliletwa kwa treni kutoka Mombasa ndani ya mapipa ya mbao, na samaki watano wakaja baadaye kwenye mtungi wa kioo, kila mmoja na rangi yake. Watu walikuwa wanapita dirishani kwake kuchungulia tu.

Pampu yake ya umeme ilikuwa inakatika katika. Siku moja ilikufa kabisa, samaki wakaja juu wote wanapanua midomo. Akanikumbuka, maana nilikuwa namtengenezea baiskeli.

Nilijaza tyubu ya lori kwa pampu ya mguu. Kwenye valvu nikafunga mpira mwembamba, nikaubana kwa kibanio cha nguo ili hewa itoke kidogo kidogo, na mwisho wa mpira nikachomeka kipande cha mti laini nilichokikata kwenye sanduku la chai. Hewa ikipita kwenye mti ule inatoka mapovu madogo kama ya sabuni. Tyubu moja ilikwenda karibu nusu siku.

Bwana Pita alifurahi mpaka akakaa sakafuni.

Ndiye aliyenifundisha. Maji ya chumvi yanashika hewa kidogo kuliko maji ya mto. Yakipata joto, yanashika kidogo zaidi. Samaki akija juu kuhema, maji yamechoka. Na kazi ya mapovu ni kuyapindua maji ili ya chini yaje juu yakutane na hewa. Maji yakipungua kwa jua, unaongeza ya mvua mpaka kwenye alama, huongezi chumvi, maana chumvi haiendi popote. Nyinyi vijana mnasoma haya kwenye mtandao, mimi nilifundishwa kwa Kiswahili cha Bwana Pita, ambacho kilikuwa na maneno kama sitini hivi.

Kisha akatumwa kupima ardhi Karamoja, miezi miwili, na nyumba yake akapewa Mzungu mwingine. Akaniletea sanduku zima nyumbani kwangu.

"Wewe angalia samaki yangu," akaniambia. "Hapana sahau hewa."

Tukaliweka chumba cha ndani, kwa sababu jua halikufika humo na watoto wa jirani wasingetia vidole. Zaituni alikuwa na mimba ya miezi minane. Aliwapenda wale samaki. Aliwapa majina ya shemeji zake wote, na yule wa mistari myeusi na ya njano, aliyekuwa na uso wa kununa, akamwita jina langu.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo moja.

Hiyo ilikuwa mimba ya pili. Mwaka uliotangulia tulipata mtoto wa kiume, Abdalla. Alizaliwa mzima, analia mtaa wote wanasikia. Siku ya tisa, alasiri, mvua inanyesha, akalala, hakuamka. Hakuwa na homa. Hakuwa na kidonda. Mama alisema jini amemchukua, na sisi tulikubali, maana ungesema nini kingine?

Kwa hiyo mimba hii ya pili nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole.

Zaituni akajifungua mtoto wa kike, salama, tukamwita Salama. Mama akaja kutoka Busia na kanga zake na kifurushi cha ubani, kuja kumlea mzazi siku arobaini, kama alivyokuja kwa Abdalla. Alipoliona sanduku alisimama mlangoni.

"Hii nini?"

"Samaki wa bwana, mama. Nawatunza."

"Maji ya bahari nakaa ndani ya nyumba ya mzazi?" Akasogea, akanusa. "Mwanangu, bahari iko na watu yake. Wewe nawaleta hapa mpaka kitandani."

Nilitaka kulitoa, wallahi. Lakini lilikuwa zito kama jeneza la mawe, na chumba cha mbele kilijaa baiskeli, na nilikuwa nimetoa ahadi. Likabaki.

Sasa mila yenyewe. Sina hakika nyinyi wa siku hizi mnaijua. Mzazi anakaa chumbani na moto. Jiko la makaa linawekwa karibu na kitanda, wakati mwingine chini yake kabisa, apate joto, tumbo lirudi, damu chafu itoke. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, upepo usimpige. Ubani unatiwa kwenye makaa asubuhi na alasiri. Mama alifanya hayo kwa mapenzi makubwa. Alikuwa anapuliza yale makaa kwa kipepeo huku anaimba.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Tyubu nilizijaza kwenye kibanda changu cha kazi, kando ya barabara, nikazibeba begani mpaka nyumbani.

Siku ya tatu mama akapiga marufuku. Mtu akitoka nje na kurudi na vitu alasiri anaingiza majini ya nje kwa mzazi. Nikitaka kujaza, nijaze humo humo chumbani.

Sikuona tatizo. Hewa ni hewa. Nikaleta pampu ya mguu, nikajaza tyubu pembeni mwa kitanda, jasho linanitoka, Zaituni ananicheka. Kichwa kikaniuma kidogo, nikasema ni kazi.

Nikafunga mpira. Mapovu yakaanza. Nikakaa kuyatazama.

Baada ya muda samaki wakaanza kupanda.

Walipanda polepole, mmoja mmoja, wakakaa chini ya uso wa maji wakipanua midomo. Mapovu yanacheza katikati yao, nao wanahema kama hakuna hewa. Nikasema tyubu inavuja. Nikaitumbukiza kwenye beseni, nikaigeuza kote. Haikuvuja. Nikaangalia ule mti, haukuziba.

Fundi anaogopa kitu kimoja tu, nacho ni kitu kizima kisichofanya kazi.

Halafu nikaona jambo jingine. Wote watano walikuwa wamekaa kona moja, ile ya upande wa kitanda, vichwa vimeelekea huko. Mapovu hayakuwa kona hiyo. Mwanga haukuwa kona hiyo.

Kona hiyo alilala Salama.

Siku ya tano wakafa wawili. Niliwakuta wamelala juu ya maji, rangi zao bado zinawaka. Mama aliwatazama, akatazama mtoto, akaenda kuongeza makaa.

"Jini ameshaanza kukula," akasema. "Akimaliza samaki, anageuka."

Akachukua blanketi langu la kijivu akaliziba dirisha, na matambara chini ya mlango. Ubani ukawa mara nne kwa siku.

Zaituni hakucheka tena. Alisema kichwa kinapasuka, alisema kuna mtu amemkalia kifuani. Alikuwa anatapika. Mtoto akaacha kunyonya vizuri, akawa analala tu. Ukimwinua shingo inaangukia nyuma. Lakini midomo yake ilikuwa myekundu, myekundu mno, kama amepakwa.

"Ona," mama aliniambia, anafurahi. "Damu iko. Moto nasaidia."

Mimi niliitazama ile midomo. Abdalla naye midomo yake ilikuwa hivyo. Nilikumbuka kwa sababu nilipomkuta nilidhani ametabasamu.

Siku ya nane akafa mmoja, na mwingine usiku wake. Akabaki yule mwenye jina langu.

Siku ya tisa ikafika.

Hakuna aliyeitaja. Asubuhi mama alisali muda mrefu kuliko kawaida. Mimi nilikwenda kibandani kwa sababu kukaa nyumbani nilikuwa siwezi, na kwa mazoea tu nikajaza tyubu moja huko. Saa tisa alasiri mawingu yakatanda juu ya ule mwamba mrefu wa mji wetu, mvua ikaja, ile ya Tororo ya radi. Nikakimbia nyumbani na tyubu begani, nikaipitisha kabla mama hajatoka jikoni.

Chumbani palikuwa kimya. Zaituni macho nusu wazi, hanijibu. Samaki juu ya maji, kwenye kona yake, anatazama kitanda, mdomo unapanuka na kufumba.

Nikatoa tyubu ya zamani, niliyoijaza humo ndani asubuhi, nikafunga ile ya kibandani.

Mnaweza kuhesabu mpaka mia mbili, si zaidi. Samaki akashuka. Akazunguka. Akanyoosha mapezi.

Nikatoa, nikarudisha ile ya chumbani. Akapanda.

Nikafunga ya kibandani. Akashuka.

Nilikuwa nimepiga magoti, tyubu mbili mbele yangu. Tyubu aina moja, mpira uleule, mti uleule. Kilichobadilika ni hewa. Moja imetoka barabarani, nyingine imetoka hapa, hapa ninapovuta mimi.

Nikageuka kumtazama mwanangu. Mdomo wake ulikuwa unapanuka na kufumba, taratibu, kwa mwendo uleule wa samaki. Mmoja akipanua, mwingine anapanua. Niliwatazama wote wawili kwa muda ambao sitajisamehe.

Kisha mdomo wa Salama haukupanuka.

Nikamnyakua. Nikaing'oa ile tyubu ya kibandani kwenye sanduku, sijui kwa nini, nikaivaa shingoni, nikaenda mlangoni. Mama akawa amesimama hapo na kipepeo.

"Nakwenda wapi na mtoto?"

"Nje."

"Siku tisa! Mvua hii!" Akashika fremu ya mlango pande zote mbili. "Ukimtoa yeye sasa, kitu utarudisha si mtoto. Nakuomba, baba yangu. Nakuomba."

Alikuwa analia. Aliniita baba yangu, jina ambalo mama humwita mwanawe akiwa hana neno jingine. Nikamsukuma. Mama yangu mzazi, nilimsukuma kwa bega akaangukia baiskeli za watu.

Barazani upepo ulikuwa unaingiza mvua. Mtoto amelegea kama kanga iliyolowa. Nikafungua kibanio, nikaupeleka ule mpira puani kwake, hewa ya tyubu, inanuka mpira na solushen, ile gundi ya viraka. Mnaweza kunicheka. Hewa imejaa Tororo nzima mpaka Busia na mimi nampa mtoto ya kwenye tyubu. Lakini nilikuwa nimeona samaki akishuka kwa hewa ile, sikuwa na imani na nyingine.

Hakuna kitu. Hakuna kitu.

Kisha akapiga chafya.

Halafu akalia, sauti mbovu, ya kuvutwa, na mimi nikakaa chini majini nikalia naye. Nikamwachia mama mtoto, maana alikuwa ameshatoka nyuma yangu kwa magoti, nikarudi kumvuta Zaituni na godoro lake mpaka barazani. Nikang'oa blanketi dirishani. Nikalitupa jiko mvuani na makaa yake yote, yakapiga kelele.

Niliporudi kwenye sanduku, samaki alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Hewa yake ndiyo niliyoichukua.

Zaituni alitapika siku mbili, kisha akaomba uji. Salama akanyonya.

Bwana Pita aliporudi kutoka Karamoja nilimpelekea sanduku tupu, nikamweleza kila kitu, nikingoja anifokee. Hakufoka. Aliniuliza kuhusu moto, dirisha na midomo ya mtoto. Kisha akanieleza, polepole, kwa maneno yake sitini. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa mbaya. Haina harufu. Haina rangi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, na damu inakuwa nyekundu, na mtu analala. Samaki wangu nilikuwa nawapigia sumu hiyo kwa pampu, na wao ni wadogo, wakatangulia.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Zaituni. Alikuwa anafua nepi uani, mama yuko ndani anambembeleza mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imo kwenye beseni. Povu likaisha mikononi mwake.

"Na Abdalla?" akaniuliza.

Akatazama dirisha la chumba, mama alikuwa anaimba ule wimbo wake wa kupepea makaa.

"Usimwambie," Zaituni akasema. "Hata siku moja."

Akaendelea kufua.

Lakini wakuu, moto ungewashwa tena kwa mtoto atakayefuata, na kwa wajukuu wa watu wengine, maana mama alikuwa anaitwa kila nyumba kulea wazazi, kuanzia Tororo mpaka Busia. Ningefanyaje? Nikadanganya. Nikamwambia nimekwenda kwa mganga mmoja wa huko Kirewa, akaniambia yule jini wa bahari ametoka kupitia dirisha. Jini wa namna hiyo ukimfungia ndani ndipo anapoua. Mwenye moto sharti aweke jiko nje barazani na dirisha liwe wazi, apate njia ya kutokea.

Mama alisikiliza kwa makini sana. Akauliza dirisha liwe wazi kiasi gani. Nikamwambia lote.

Akaishika amri hiyo kama alivyoshika zote. Miaka yake yote iliyobaki alikuwa akiingia nyumba ya mzazi anafungua dirisha kwanza, anatoa jiko nje, akibishiwa anawasimulia habari za jini wa Tororo aliyekula samaki watano akaachwa aondoke. Sijui ni watoto wangapi waliopumua kwa sababu ya uongo wangu. Na mpaka anakufa alikuwa anajisifu kwamba ubani wake ndio uliomwokoa Salama. Zaituni ndiye aliyemuuguza, akimgeuza kitandani, akimlisha kijiko kwa kijiko. Kila mama akianza hadithi ile, Zaituni alikuwa anajibu, "Ndiyo, mama."

Zaituni alimfuata mwaka jana. Kwa hiyo sasa nimesema.

Kijana wa juzi, kama unasoma: usiongeze pampu. Tazama chumba. Kama kuna jiko la makaa, jenereta, au umefunga madirisha kwa ajili ya baridi, toa mpira wa pampu yako uvute hewa ya nje, kisha toka na wewe. Samaki wako hawakuletei matatizo, wanakuonyesha.

Na nyinyi mlio na mzazi ndani ya nyumba, moto ubaki nje. Mama mkwe akikataa, mpeni yule jini wangu, nimewaachia.

Kitu kimoja bado kinanisumbua, na wenye ujuzi wa samaki humu nisaidieni. Hewa mbaya ilikuwa chumba kizima, na maji yalikuwa yaleyale kona zote nne. Kwa nini wote watano walikusanyika ile kona moja, wakimtazama mtoto?